Maoni Mengine

Dodoso namba arobaini na moja, ukurasa wa mwisho,
chini kabisa, katika kile kisanduku
ambacho hatukukipa hata namba:
"Bi Uulkan asema bomba halijazikwa, limefunikwa tu."

Mwandiko ni wangu. Oktoba.
Alinimiminia chai, kisha akasimama anionyeshe
barafu ya Naryn hushuka ardhini kiasi gani:
akagusa bega lake.
Sisi tulikuwa tumechimba hadi gotini.
Nikaandika, nikashukuru, nikafunga faili.

Januari mabomba yalipasuka usiku mmoja,
yakilia kama kuni mbichi motoni.
Wasichana wakarudi mtoni na mashoka,
choo kipya cha shule kikafungwa kwa waya,
na ndani yake mwalimu Temirbek
akahifadhi viazi.

Sasa naandika sura ya Tuliyojifunza.
Mkuu wangu ataka mambo matano, yapangike.
Ninalo moja, na si langu.

Jana nilimsomea rasimu, mjukuu akifasiri.
Bi Uulkan alisikiliza yote, hata majedwali.
Akafuta miwani kwa ncha ya kitambaa,
akachungulia nje, garini,
akauliza kama tumekuja na sururu.