Mwaka wa Mianzi Kuchanua

Uwanja wetu ulichongwa ubavuni mwa mlima, nje kidogo ya Lunglei:
upande huu mwamba, upande ule hewa tupu.
Mpira ukiruka uzio
huporomoka hadi kwenye migomba mwitu,
na sheria ya Pu Zosangliana ilikuwa moja:
aliyeupiga asiufuate. Kocha ataufuata.

Tulimwona akizama katika ukungu,
goti bovu, filimbi mdomoni,
akarudi na mpira kwapani, ruba wanne kifundoni.
Akiwatia chumvi mmoja mmoja
alituuliza kama tumekunywa maji.

Hakutuhubiria. Jumapili aliimba besi kanisani.
Jumatatu alisimama mbele yetu, kofia mkononi:
“Juzi nilimwita Rema mjinga.
Mjinga ni mimi. Rema, nisamehe.”
Tukatazama viatu vyetu.
Hatukuzoea mtu mzima anayeinama.

Kisha ukaja mwaka wa kombe.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba;
cheti changu kilisema kumi na mitano.
Mjomba alikipata ofisini kwa gunia la tangawizi.
Nilifunga mabao saba.

Usiku wa kuamkia fainali alikuja kwetu.
Mama akamwagia chai, akasimulia kama kawaida yake:
mianzi ilivyochanua milima mizima,
panya walivyomaliza mpunga,
na yeye na tumbo lake, mimi ndani, akichimba viazi vya porini.
Pu Zosangliana akashusha kikombe.
Mwaka ule kila mtu anaujua. Haufutiki kwa wino.
Alinitazama, nami nikatazama moto.
“Hminga,” alisema, “nitakwenda mwenyewe. Jina lako nitalitaja mara moja tu.”

Alikwenda kwa miguu, usiku uleule, kwa wasimamizi.

Asubuhi mji mzima ulijua.
Mzee wa kanisa, baba yake Rema, alimfuata sokoni:
“Ungeshindwa nini kungoja hadi Jumatatu?”
Sikusikia jibu. Nadhani hakulitoa.
Mtu aliirusha mipira yetu yote bondeni.

Fainali ilichezwa na wengine.
Alitupeleka wote kuitazama, tukiwa na jezi zetu,
na pale jukwaani, ambapo hakuna aliyetaka kuguswa na bega langu,
akaja yeye, akakaa, goti likalia kama mlango.
Akamenya yai la kuchemsha, akanipa nusu yenye kiini kikubwa.
Tukawapigia makofi waliotwaa kombe letu.
Makofi yake yalikuwa ya kweli. Yangu, la.
“Kesho saa kumi na moja alfajiri,” alisema. “Uje na chumvi.
Mipira iko chini.”

Leo filimbi ninayo mimi.
Bondeni nashuka, ruba nimewazoea.
Lakini juzi nilimfokea mtoto wa watu hadi akalia,
na leo ni Jumatatu,
wamejipanga mbele yangu,
kofia bado iko kichwani.