Filimbi Moja Kati ya Elfu Mbili

Miaka arobaini na mmoja nimepanda ngazi za makanisa ya Groningen,
nyundo ndogo mfukoni, tochi mdomoni,
nikiisaka filimbi inayosema uongo.
Kinanda kina filimbi elfu mbili. Moja ikiugua
kanisa zima hukunja uso,
lakini hakuna aliyewahi kuniambia: basi, lichome kanisa.

Hayo niliyakumbuka Februari,
suruali ikiwa magotini,
Daktari Oosterveen akivua glavu, akitazama ukuta kwa adabu.
"Tezi dume. Upande wa kushoto. Bado imo ndani ya ganda lake."
Mke wangu Geeske aliandika neno ganda,
akalipigia mstari mara mbili.

Sindano kumi na mbili zilitoka na nyuzi kumi na mbili za nyama yangu.
Mtu nisiyemjua, huko kwenye darubini,
akazipa alama kama mwalimu mkali:
tatu jumlisha nne, saba.
Saba kati ya ngapi? nikauliza.
Muuguzi Ilonka akavuta kiti.
"Tatu ikitangulia ni heri kuliko nne kutangulia.
Kesho nitakueleza tena, utakuwa umesahau."
Nilikuwa nimesahau. Akaeleza tena.

Jumatano walikutana, mimi sipo:
wa kisu, wa mionzi, msoma picha za sumaku,
yule wa darubini, Ilonka, na Sjoukje
anayefundisha wanaume wazima kubana misuli wasiyoijua jina.
Walibishana. Najua, maana Ilonka hafichi.
Wa kisu alitaka yote itoke,
wa mionzi akasema mpeni kwangu siku ishirini,
msoma picha akaweka kidole juu ya doa:
ni moja tu, akasema, kubwa kama kunde.

Wakaniandalia meza.
Kisu kinachoshikwa na roboti. Mionzi kutoka nje,
au punje zake zikipandwa humo humo ndani.
Kungoja kwa macho makavu, damu kila miezi mitatu.
Au sauti.

Sauti?

Sauti isiyosikika, akasema Oosterveen,
inakusanywa kama jua kwenye kioo cha kukuzia,
inaunguza kunde, inaliacha shamba.
Mimi niliyekula kwa masikio maisha yangu yote
nikakosa la kusema.
Kisha wakanisomea bei ya kila sahani:
mkojo usiosubiri, kitanda kilichopoa,
doa jipya kuchipua kando ya lililochomwa.
Hakuna aliyeniuzia mbuzi kwenye gunia.
Hapo ndipo nilipowaamini.

Tulirudi kwa baiskeli, upepo usoni,
tukipita nyumba zilizoegemezwa magogo,
maana huku kwetu gesi imefyonzwa miaka na miaka
na ardhi hutikisika bila kubisha hodi.
Geeske akasema, bila kugeuka,
"Afadhali uwe umelowa na upo, kuliko..."
Upepo ukala nusu ya pili. Sikumwomba arudie.

Nilichagua sauti. Sikuisikia.
Niliamka na mrija, na kiu, na aibu ndogo ya kitoto.

Wiki ya sita nilikuwa ndani ya kinanda cha Loppersum,
pedi ndani ya suruali,
nikibana, moja, mbili, tatu, nikiachia,
huku nikigonga ukingo wa filimbi ya fa.
Chini, Jelmer, kijana wangu wa kazi, amebonyeza kibao.
"Sasa?"
"Bado."
"Sasa?"
"Bado kidogo. Usiondoe kidole."

Kipimo cha damu kimeshuka hadi nukta tisa.
Si sifuri, Ilonka akasema, wala usiisubiri sifuri,
tezi bado ipo; tutakuwa tunaisikiliza.
Alisema kusikiliza. Sijui kama alilichagua neno kwa ajili yangu.
Nimeandika tarehe yake ya Novemba kwenye ukuta wa karakana,
kati ya kanisa la Noordbroek na la Zeerijp,
kwa penseli ile ile.