Siku ya Mizani

Alikuja Alhamisi, siku ya kupima watoto,
Yakuti mwenyewe, yule wa tamthilia ya saa tatu usiku,
anayelia vizuri kuliko sisi tuliofiwa.
Gari lilishindwa kupanda Igogo.
Akashuka, akayakanyaga mawe yetu kwa visigino virefu,
mpiga picha nyuma yake kambebea mkoba.

Sisi tulikuwa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili:
Milembe na mwanawe anayeharisha,
Kwandu na mimba juu ya mtoto,
mimi na Shija mgongoni, mapacha wakinivuta sketi,
magamba ya dagaa bado yamenata viwikoni.
Nesi akasema, akina mama, leo mna bahati.
Mizani ikasimamishwa.
Tukapiga makofi, kadi za kliniki kwapani.

Akasema mtoto asibebwe sana, atazoea.
Atazoea nini, dada? Mama yake?
Akasema kila mtoto apate chumba chake, chenye rangi tulivu.
Kwandu akaninong'oneza: changu kina rangi ya bati.
Akasema usimfokee mtoto, hesabu kwanza mpaka kumi.

Yakuti, njoo Mwaloni asubuhi tunapoanika,
makorongo yamesimama kama wadai,
wingu linatoka Ukerewe jeusi kama kitako cha sufuria,
na Doto kaufuata mpira majini, maji ya kiuno.
Hesabu.
Ukifika nne mvua imekwishakula mtaji.
Ukifika saba, sitaki kusema.

Akasema parachichi. Akasema lozi.
Akasema kitabu cha picha kabla ya kulala, kwa sauti ya chini.
Sauti ya chini ninayo, nimepanga,
ukuta wetu ni pazia.

Sikukasirika, niseme kweli.
Alikuwa mzuri, ananukia kama duka la vioo.
Na mwanawe tulimwona garini, pajani kwa msichana wa kazi.
Nikapita dirishani nikamwambia mwangaluka.
Akaitikia mwangaluka haraka,
kisha akakumbuka kutazama mbele.
Kwao Sengerema. Una wako? nikamwuliza.
Mmoja. Yuko kwa bibi.
Hilo halikuwemo kwenye hotuba.

Saa sita akataka picha na Shija.
Akamshika kama mtu ashikavyo chungu cha moto,
Shija akamtazama, akamkojolea.
Tukacheka wote, hata yeye,
na kicheko chake kilikuwa cha kawaida kabisa,
cha mtu aliyekulia mtaani mahali fulani.

Mizani ikarudi kazini saa saba, Yakuti keshaondoka.
Shija: kilo saba na robo.
Mwezi uliopita: saba na robo.
Nesi akachora mstari kwenye kadi, mstari ukalala.
Hapo hakukuwa na wa kunishauri.

Lakini lipo neno lake moja lilinifuata mpaka nyumbani.
Alisema kila usiku mwulize mwanao:
moyo wako umeshindaje leo?
Tulicheka njia nzima. Milembe alimsimamisha mbuzi wa watu,
moyo wako umeshindaje, mheshimiwa?
Mbuzi akaendelea na mfuko wake wa nailoni.

Usiku, umeme umekatika, ugali umekwisha,
nikaona nijaribu, nani ananiona?
Kulwa, nikasema, moyo wako umeshindaje leo?
Kulwa akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.
Nikamgeukia Doto.
Doto hakucheka.
Alirudi nyuma mpaka kwenye ndoo ya maji,
akaficha mikono,
akaniuliza polepole,
Mama, nimekosa nini?

Sikuwa na hasira hata kidogo.
Nikahesabu hivyo hivyo, gizani,
nikaipita kumi.