Sponji

Kiti kilichongwa kwa nyonga zangu, si zako.
Baba alinikalisha kwenye kasha la plasta mbichi,
akaniambia nisipumue,
na mafundi wa vitanda wa Keko nzima
wakacheka mpaka misasa ikawaanguka.
Nilikuwa na miaka kumi na minne na gari lilikuwa langu:
kiti kimoja, hakuna wa kukuambia sogea,
hakuna pa kuweka hata fungu la nyanya.

Kisha magoti yangu yakagonga usukani.
Kanuni za vijana hazina huruma na magoti.
Nikashuka mimi, ukapanda wewe, Mwajabu,
mwembamba kama chaga,
ukapwaya ndani ya umbo langu.
Nikaenda kwa jirani mwenye sofa
nikaomba mabaki ya sponji.

Machi: matabaka manne.
Mvua imelala juu ya lami ya Kigamboni.
Wale wa Masaki wana tairi za mvua,
sisi tuna dua,
na Pazi ameshika mwavuli, hajui amkinge nani.
Kona ya tatu ukageuka nyuma mbele
kama mtu aliyekumbuka kaacha funguo nyumbani.
Ukawa wa kumi na moja.
Wa kumi na mbili injini yake haikuwaka.

Mei: manne bado. Wa saba.
Ulitapika ndani ya kofia, hukusema,
nilijua nilipoiosha.

Julai ukaanza kula.
Mama akasema ni kipupwe, akaongeza unga.
Nikakata matabaka mawili kwa kisu cha ngozi,
nikayatupa chini ya meza, paka akahamia.
Siku ya mazoezi ukaja umelowa jasho, macho makubwa,
ukaniambia kwamba mwisho wa ile barabara iliyonyooka,
kabla mguu haujaigusa breki,
kuna mahali injini haisikiki kabisa.
Uliniambia kana kwamba mimi sijawahi kufika.

Mzunguko uliofuata nilibonyeza saa kwa kuchelewa,
nikakupunja sehemu tatu za kumi za sekunde.
Mpaka leo sijui kama kilikuwa kidole
au mimi.

Septemba: tabaka moja. Wa kwanza!
Baba hakuwepo, alikuwa na jeneza la watu wa Temeke
linalosubiriwa kabla ya alasiri.
Tukampigia simu, msumeno unalia,
akauliza, "Nani wa kwanza?"
Tukamjibu. Akauliza tena.
Mara ya tatu msumeno ulikuwa umezimwa
na bado akauliza.

Novemba, hakuna sponji.
Uliingia kwa ubavu, ukatoa pumzi yote, ndipo mkanda ukafunga.
Yule kijana wa Upanga, Alnoor, alikuhitaji uteleze mara moja tu.
Hukuteleza.
Mlimaliza yeye pua yake mbele, wewe pua yako sikioni mwake,
na bendera ya miraba ikashuka juu yenu
kama shuka moja kwa watoto wawili.

Hesabu ya msimu ikapigwa kwa chaki
kwenye ubavu wa jenereta, watu wamechuchumaa.
Pointi mbili.
Kila mtu alikutazama wewe.
Mimi nilikitazama kidole changu.

Tulikuchomoa kama kizibo.
Kulia na kushoto ulikuwa na michubuko,
mahali palepale pa michubuko yangu.
Sikukuambia pole. Nilikuambia,
"Pale isiposikika. Ni baada ya bango la pili, au la kwanza?"
Ukanitazama muda mrefu.
"La pili," ukasema. "Na wewe?"

Sasa kiti kimetundikwa msumarini Keko
kati ya stuli na viti vya kulia chakula.
Jana mteja akakigeuza, akakigonga,
akauliza bei, na miguu yake iko wapi.

Baba hakuinua uso kwenye randa.
"Miguu yake," akasema, "iko darasa la nne."