Dirisha la Kusomea Miongozo

Siku tatu tunagombana, watu watatu,
chumba cha juu, Langoni, feni moja mbovu,
kwa ajili ya kitu ambacho msomaji hatakijua jina:
kisanduku gani cha zana kitatuchorea dirisha,
vitufe, upau wa kusogezea, kijisanduku cha kutafutia.

Programu yenyewe ni ndogo. Inafungua miongozo:
namna ya kugawa diski, namna ya kuiamsha printa,
kurasa za programu huria ambazo mtandao ukikatika
(na hapa hukatika, usiulize) hubaki kuwa hadithi.
Tunataka zikae ndani ya mashine, zisomeke gizani.

Lali anataka kile kizuri. Kina vivuli,
pembe za mviringo, menyu inayoteremka taratibu
kama bi harusi anayejua anatazamwa.
"Watu huanza kula kwa macho," anasema.
Nikakipakua: mega mia nne, tegemezi juu ya tegemezi,
kila mgeni amekuja na shangazi zake.

Famau anasema tia kivinjari kizima ndani, yaishe.
Ng'ombe mzima, nikamwambia, kwa kikombe cha chai ya maziwa?
Na zizi utajenga wapi?

Mimi nilikuwa na changu. Chepesi, cha kijivu,
vitufe vyake kama karani wa ardhi saa nane mchana,
lakini hufunguka kabla hujamaliza bismillahi.
Leseni yake nimeisoma mara mbili:
chukua, badilisha, gawa.
Nikajiona nimeshinda.

Nikakipeleka Mkomani kwa Mwana Time,
anayetunza kompyuta sita za maktaba,
kongwe kuliko baadhi ya watoto wanaozitumia.
Nyumba yake, kama nyingi za mtaa ule, imeipa njia ukuta;
madirisha yanatazama ndani, kiwandani.
Nilipenda hilo. Nikadhani linaniunga mkono.

Akafungua ukurasa. Akakuza herufi, akakuza tena.
"Ndoo utazame. Ni mato yangu au ni hichi chako?"
Maelezo aliyoyaongeza mwenyewe pembeni,
Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, kama alivyofunzwa na mamake,
yalikuwa yamevunjika: herufi mojamoja, zimeachana mikono,
alifu peke yake, be peke yake,
mstari umeanzia kushoto
kama mtu aliyevaa kanzu nyuma mbele.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu kumbukumbu, sekunde.
Sikuhesabu mkono huanzia upande gani.

Usiku nikajaribu cha nne, ambacho hakuna aliyekitetea,
kizito kiasi, kibaya kiasi, rangi ya uji uliopoa.
Sekunde tano kufunguka; nilizihesabu kwa uchungu.
Nikamwaga humo sentensi zake
zikashikana.

Lali hajafurahi. Anasema vitufe vinamtia aibu mbele za watu.
Upau wa kusogezea bado umekaa upande usio wake;
nimeuandika kwenye orodha ya hitilafu, nambari kumi na saba,
na kumi na sita za kabla yake zinangoja.

Leo umeme umekatika saa moja. Nikapita kwa Mwana Time:
ukuta tu, hakuna mwanga unaotoka.
Lakini sauti ilitoka. Kompyuta ndogo ina chaji,
naye anasoma, neno kwa neno, hana haraka,
namna ya kuiamsha printa
isiyo na umeme.