Sungura Hacheui

Padre Fortunat, paroko wa Għarb kisiwani Gozo,
alikuwa na kidole kimoja cha kufundishia.
Kilipiga ukurasa kama nyundo ya fundi viatu:
hakuna kosa, si neno, si nukta,
si jina la mfalme, si hesabu ya farasi wake,
Mungu hasemi uongo, na Mungu ndiye aliyesema.
Sisi watoto kumi na mmoja, benchi moja,
magoti meupe kwa vumbi la chokaa,
tukaitika amina kabla hajamaliza.

Siku ile tulifika kwenye nyama zilizoharamishwa.
Sungura hafai, akasoma, kwa kuwa hucheua
na ukwato wake hauna ufa.
Nikainua mkono, mimi Lonza, binti wa Indrì mfuga sungura,
niliyezaliwa chumba cha pili kutoka vibandani.
"Padre," nikasema, "sungura hacheui."

Benchi likanyamaza.
Kidole nacho kikanyamaza, kikiwa hewani.
Kisha nikaonyeshwa mlango.

Baba hakucheka. Usiku akawasha kandili,
akalala kifudifudi juu ya majani makavu, nami ubavuni,
tukangoja hadi saa kumi alfajiri
jike la kijivu likainama,
likachukua kwa kinywa kitu kilaini
kilichotoka nyuma yake lenyewe,
likala, limefumba macho.
"Umeona? Chakula kinapita mara mbili.
Lakini kucheua siko huku.
Aliyeandika aliona mdomo unachezacheza,
akaandika alichoona."

Habari ilimfikia paroko, akafurahi kupita kiasi.
Jumapili akatangaza mimbarini
kwamba sayansi imepiga magoti Għarb.
Baba akavaa kofia humohumo kanisani, akatoka.
Mlangoni akamwachia msakristia ujumbe:
"Mwambie, Mungu asiegemezwe kwenye mavi ya sungura.
Mimi huyafagia kila Jumamosi."

Miaka ikapita. Akaja Padre Salvu kutoka Roma,
kijana, karatasi za Mtaguso kwapani.
Akasema Maandiko yanafundisha kwa uthabiti na bila kosa
ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe
kwa ajili ya wokovu wetu.
Mwalimu Rożar akadaka hapohapo:
"Basi tuchambue kama dengu!
Ya wokovu kapu hili, ya sungura kapu lile."
Padre Salvu akajikuna shingo.
"Hapana," akasema. "Hakuna kapu la pili."
Akajaribu kueleza, akashindwa, akaomba kahawa.

Aliyeeleza ni mama, wala hakujua anaeleza.
Alikuwa akitafuta sindano ndani ya kopo la biskuti
akatoa barua ya baba kutoka Melbourne,
ya miaka alipokuwa kibarua wa reli:
*Nakuja, Jumanne tarehe kumi na nne.*
Jumanne ya mwezi ule ilikuwa kumi na tatu.
Mama alishuka bandarini Mġarr Jumanne, na mkate.
Akashuka tena Jumatano, na mkate uleule.
Hakuikata tarehe kwa mkasi
abaki na neno *nakuja* peke yake, safi, lisilo na siku.
Hakugombana na kalenda ya jikoni.
Hakuandika pembeni: mume wangu mwongo.
Barua nzima aliikunja, akaitia kifuani,
kosa na yote, maana mkono ni mmoja.

"Sasa alifika siku ipi, mama?"
"Alifika," akasema,
akalamba ncha ya uzi, akaisaka tundu ya sindano.

Leo benchi lile ni langu.
Kuna mtoto wa Ġakbu, mwembamba, masikio mekundu,
anataka kujua jua lilisimamaje angani
bila sisi sote kurushwa ukutani.
Nimemwambia aje kesho, aje na viatu vya kuchafuka.
Jibu sijalipata.
Kidole changu nimekitia mfukoni.