Milimita Thelathini na Moja

Jumatano, saa kumi na moja jioni,
cherehani hunyamaza nyumbani kwangu.
Si kwamba kazi imeisha: sare za watu zimelala mezani,
kola bado, vifungo bado.
Ni Bupe. "Mama, dakika arobaini tu.
Huo mlio unanimeza, wenzangu hawanisikii."

Basi nautuliza mguu wangu.

Kidato cha tatu anakisomea kitandani
tangu selimundu ilipozoea kuja bila hodi
na mwalimu mkuu akasema, kwa upole wa mtu mwenye foleni mlangoni,
"Mama, labda apumzike kwanza."
Apumzike! Mtoto anayehesabu mikunjo ya bati la jirani
akikosa cha kuhesabu.

Hiyo klabu ya mtandaoni niliidhani upuuzi.
Nilidhani ni vichekesho, ni harusi za watu,
ni bando langu la elfu moja linayeyuka kama barafu ya ukwaju.
Nikachungulia: vichwa tisa ndani ya vijidirisha,
mmoja kakaa jikoni, sufuria zimemzunguka,
mwingine sauti tu, kamera yake imekufa.
Kazi waliyopewa: kila mtu apime mvua ya kwao.

Kwa mkasi wangu wa vitambaa (nilimfokea)
akakata chupa ya maji mabegani,
akaigeuza shingo, ikatazama chini,
akabandika rula ubavuni kwa selotepu.
Tukaiweka juu ya ukuta wa choo, penye uwazi,
tukaibana kwa matofali, kunguru wasije wakaipindua.

Basi masika yakaanza kuja na anwani.
"Mbagala Kizuiani, kumi na mbili."
"Kimara Suka, ishirini na nane."
"Bunju haikunyesha, mwalimu, ila mawingu yametusimanga kutwa."
"Vingunguti," anasema mwanangu,
na sauti yake inakaa wima kuliko mgongo wake, "tisa na nusu."

Tisa na nusu!
Mimi mvua niliijua kwa mabeseni:
ya beseni moja, ya mabeseni mawili,
na ile ya kuhamisha magodoro.

Wiki ya pili ya Aprili maumivu yakamwamsha alfajiri.
Mjomba wake Ambakisye akambeba hadi kwenye bajaji,
wakamlaza Amana, dripu mkononi.
Nje ilinyesha kama inayodai deni.
Jumatano ikafika. Akanishika pindo la kanga:
"Mama, usiache siku yangu tupu kwenye jedwali."

Nimepima viuno vya maharusi, mabega ya mapadri,
nimempima marehemu mmoja, simtaji,
na mkono haukutetemeka.
Siku hiyo nikapanda kiti,
nikaliweka jicho sambamba na maji kama alivyonielekeza:
soma pale yanapobonyea katikati, si yanapong'ang'ania ukingo.
Nikafungua simu. Vijidirisha vinane vikanitazama,
mimi wa darasa la saba, futi shingoni, pini mdomoni.
Nikazitoa pini.

"Vingunguti," nikasema.
"Mimi ni mkono wa Bupe.
Thelathini na moja."

Kimya. Kisha yule wa kamera iliyokufa:
"Milimita, mama?"
"Milimita," nikajibu,
na neno likapita kama uzi uliolowanishwa
unavyopita tundu la sindano, mara moja.
Nikasikia kalamu zao.

Jioni ile nikampelekea habari wodini.
Hakusema ahsante. Aliuliza
kama nilimwaga maji baadaye,
chupa ianze upya.

Sikuwa nimemwaga.

Nikamwachia shangazi yake kiti,
nikapanda bodaboda gizani, matope hadi magotini,
nikarudi Vingunguti
kumwaga.